Mada ya 7: Kuweka Alama kwenye Nyaya Nyembamba

MALENGO YA MADA

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini rangi ya waya pekee haitoshi kuutambulisha;
(b) kutaja sifa za lebo bora na kuchagua aina ya lebo inayofaa;
(c) kukokotoa urefu wa lebo ya bendera kutokana na kipenyo cha kebo;
(d) kutunga misimbo na kuandaa daftari la nyaya;
(e) kueleza hatua za kutambua nyaya zisizo na lebo kwa usalama.

7.1 UTANGULIZI

Buguruni, kama ilivyo katika maeneo mengi ya zamani ya Dar es Salaam, nyumba nyingi ni za Kiswahili: mlango mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ua nyuma. Mara nyingi mita ya LUKU ni moja kwa nyumba nzima, lakini mwenye nyumba hufunga mita ndogo kwa kila chumba ili kila mpangaji alipe alichotumia. Kutoka kwenye mita hizo ndogo hutoka kebo sita zinazofanana kama mapacha, zikapanda ukutani, zikapotea darini.

Nilipoanza kazi ya ualimu nilipanga chumba namba 3 katika nyumba ya namna hiyo. Nilikuwa na taa moja, redio na chaja ya simu. Mwezi mmoja ubao wa mita uliungua kidogo, fundi akaitwa, akafunga ubao mpya jioni hiyo hiyo. Tangu siku hiyo mita yangu ikaanza kukimbia. Mwenye nyumba akaniita uani.

"Mwalimu, taa moja na redio, uniti zote hizi zinakwenda wapi?"

"Baba, hata mimi nashangaa."

Akamwita mama wa chumba namba 5 aliyekuwa akiuza barafu. Yeye alikuwa na jokofu linalonguruma usiku na mchana, na mita yake ilisoma kidogo kuliko ya wote. Watu wakaanza kusema kwamba amechezea mita. Miezi miwili tukapita koridoni bila kusalimiana.

Hakuna aliyeiba. Fundi alipofungua ubao ulioungua aliziachia kebo zote kwa pamoja bila kuzitia alama, kisha akazirudisha kwa kukisia. Kebo ya chumba namba 3 iliingia kwenye mita namba 5, na ya namba 5 ikaingia kwenye mita namba 3. Jambo hili liligunduliwa kwa njia mbaya. Fundi mwingine alikuja kubadilisha soketi chumbani kwangu, akazima swichi iliyoandikwa "3" kwenye ubao, akarudi na bisibisi. Soketi ilikuwa bado ina umeme. Alirushwa hadi kitandani, mkono ukiwa na jeraha la moto. Alipona, lakini umeme wa volti 230 hauwapi wote nafasi hiyo.

Vipande kumi na viwili vya tepu vyenye namba vingetosha kuzuia yote hayo: deni lisilo halali, jina la mama wa watu kuchafuliwa, na mkono wa fundi kuungua. Hiyo ndiyo sababu ya kujifunza mada hii.

TAHADHARI: Mada hii haikupi ruhusa ya kufungua ubao wa umeme nyumbani. Kazi ya kufunga mifumo ya umeme hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kwa mazoezi, tumia vipande vya kebo visivyounganishwa popote, au nyaya za betri ndogo, spika na mtandao wa kompyuta, tena chini ya usimamizi wa mwalimu.

7.2 MAANA YA ISTILAHI

Waya: uzi wa shaba au aluminiamu unaopitisha umeme, ukiwa umevikwa ganda la plastiki au la.
Kebo: waya mmoja au zaidi zilizofungwa pamoja ndani ya ganda moja la nje.
Lebo: alama iliyoandikwa na kushikizwa kwenye kebo ili kuitambulisha.
Msimbo: herufi na tarakimu zinazosimama badala ya maelezo marefu. Mfano: C3-S ni soketi ya chumba namba 3.
Ncha: mwisho wa kebo. Kila kebo ina ncha mbili, na hili ni jambo ambalo watahiniwa wengi hulisahau.
Daftari la nyaya: orodha inayoeleza kila msimbo unatoka wapi, unakwenda wapi na unafanya kazi gani.

7.3 KWA NINI RANGI PEKEE HAITOSHI

Mwanafunzi anaweza kuuliza: nyaya zina rangi, lebo ya nini tena? Zipo sababu nne.

(i) Rangi inaeleza kazi ya waya, haielezi mahali unakokwenda. Rangi itakwambia kwamba huu ni waya wa moto. Haitakwambia kama ni wa chumba namba 3 au namba 5. Kebo sita za nyumba ile zote zilikuwa na rangi zile zile.

(ii) Rangi zimewahi kubadilika. Ufungaji wa umeme nchini ulifuata desturi za Uingereza. Katika mfumo wa zamani, waya wa moto ni mwekundu, nyutro ni mweusi na ethi ni wa kijani au kijani na njano. Uingereza ilianza kuhamia kwenye rangi mpya mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 ufungaji mpya ukatakiwa kutumia rangi hizo tu. Katika mfumo mpya, waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni wa bluu na ethi ni wa kijani na njano. Linganisha:

Fezi moja, mfumo wa zamani: moto – nyekundu, nyutro – nyeusi, ethi – kijani au kijani na njano.
Fezi moja, mfumo mpya: moto – kahawia, nyutro – bluu, ethi – kijani na njano.
Fezi tatu, mfumo wa zamani: fezi – nyekundu, njano, bluu, nyutro – nyeusi.
Fezi tatu, mfumo mpya: fezi – kahawia, nyeusi, kijivu, nyutro – bluu.

Tazama mistari miwili ya mwisho kwa makini. Waya mweusi ulikuwa nyutro, sasa ni fezi. Waya wa bluu ulikuwa fezi, sasa ni nyutro. Katika nyumba ambayo nusu ilifungwa zamani na nusu imeongezwa juzi, fundi anayeamini rangi peke yake anacheza na roho yake. Swali la hatari hii hupendwa na watahini.

(iii) Rangi hufifia na kufunikwa. Vumbi, moshi wa jikoni, chokaa na rangi za ukutani hufanya nyekundu ionekane kahawia, na nyeupe ionekane njano. Ndani ya dari, kwa mwanga wa tochi ya simu, kahawia na nyeusi hufanana.

(iv) Macho ya watu hayalingani. Wapo watu, wengi wao wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Ndiyo maana waya wa ethi umepewa rangi mbili kwa pamoja, kijani na njano, ili milia yake itambulike hata na asiyeona rangi vizuri.

Hitimisho la sehemu hii: rangi ni msaada, lebo ndiyo utambulisho. Vitumike vyote viwili.

7.4 SIFA ZA LEBO BORA

1. Isomeke. Herufi ziwe kubwa, zimeachana, na zimeandikwa kwa kalamu ya maka isiyofutika. Wino wa kalamu ya kawaida hufifia na huyeyuka kwa jasho la vidole.
2. Idumu. Joto na unyevu wa Dar es Salaam hulainisha gundi. Karatasi tupu huoza na kuliwa na mende. Karatasi ifunikwe kwa selotepu inayoonyesha, au itumike plastiki.
3. Iwe ya pekee. Kebo mbili zisiwe na msimbo mmoja.
4. Iwe kwenye ncha zote mbili. Lebo ya upande mmoja ni nusu ya lebo.
5. Ieleweke bila aliyeiandika. Aliyefunga nyaya leo anaweza kuhamia Mwanza kesho.
6. Isilete hatari. Usitumie pini, waya wa chuma au kitu chochote kinachoweza kutoboa ganda la kebo au kupitisha umeme.

Angalizo la tarakimu: 6 ikigeuzwa huwa 9. Lebo inaning'inia na inaweza kusomwa kichwa chini, hivyo piga mstari chini ya 6 na 9. Vilevile epuka herufi O na I katika misimbo, kwa sababu hufanana na 0 na 1.

7.5 AINA ZA LEBO NA NAMNA YA KUZITENGENEZA

Tatizo kubwa la kebo nyembamba ni kukosa nafasi ya kuandika. Chukua waya wenye kipenyo cha mm 3. Mzingo wake ni π × 3, yaani karibu mm 9.4. Jicho likitazama kutoka upande mmoja halioni hata nusu nzima ya mzingo huo vizuri. Ukiandika "CHUMBA 3 SOKETI" kwa kuzunguka waya, msomaji atalazimika kuuzungusha waya, na kuuzungusha ni kuulegeza pale ulipofungwa. Kwa hiyo aina za lebo zifuatazo hutofautiana hasa katika namna zinavyotatua tatizo la nafasi.

(a) Lebo ya bendera
Kipande cha tepu huzungushwa kwenye kebo, kisha pande zake mbili hugandishwa mgongo kwa mgongo, kikasimama kama bendera kwenye mlingoti. Maandishi hukaa kwenye bendera, si kwenye waya. Ndiyo lebo inayofaa zaidi kwa kebo nyembamba. Urefu wa tepu hupatikana hivi:

U = πd + 2b

ambapo U ni urefu wa tepu, d ni kipenyo cha kebo, na b ni urefu wa bendera unaotakiwa.

Mfano: Waya una kipenyo cha mm 3, na bendera inatakiwa iwe mm 25.
U = (3.14 × 3) + (2 × 25) = 9.4 + 50 = mm 59.4.
Kata tepu ya mm 60, yaani sm 6.

Udhaifu wake: bendera hunasa kebo zinapovutwa. Iwekwe baada ya kebo kupitishwa kwenye bomba, si kabla.

(b) Lebo ya mrija
Mrija wa kunywea soda hukatwa kipande cha sm 2 hadi 3, huandikwa kwa kalamu ya maka, kisha hupasuliwa kwa urefu na kuvikwa kwenye kebo. Selotepu huzungushwa juu yake. Faida yake ni kwamba unaweza kuuvika hata kama ncha za kebo tayari zimefungwa. Mrija usiopasuliwa hukaa imara zaidi, lakini lazima uingizwe kabla ya kufunga ncha. Usitumie mrija huu karibu na kitu cha moto.

(c) Mrija unaosinyaa kwa joto
Huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, kwa mfano Kariakoo. Huingizwa kwenye waya, hupashwa moto kidogo, nao hubana waya. Ni imara kuliko zote, lakini ukishabana haubadilishwi isipokuwa kwa kukatwa.

(d) Pete za namba
Ni vipande vidogo vya plastiki vyenye tarakimu au herufi moja moja. Huingizwa kwenye waya kimoja baada ya kingine hadi msimbo ukamilike. Hutumika sana kwenye paneli za mashine, mahali nyaya zilipobanana na bendera haziwezi kusimama.

(e) Mikanda ya rangi
Tepu za umeme za rangi huzungushwa kwenye kebo kwa idadi au mpangilio maalumu. Mfano: mikanda mitatu ya njano ni chumba namba 3. Njia hii ni rahisi na haihitaji kalamu, ila inahitaji daftari la kuifafanua. Usitumie tepu ya kijani na njano kuutambulisha waya wowote usio wa ethi.

7.6 KUTUNGA MISIMBO NA KUANDAA DAFTARI

Msimbo mzuri ni mfupi na una mantiki. Anza na mahali, malizia na kazi:

C1-T : chumba namba 1, taa
C1-S : chumba namba 1, soketi
U-T : uani, taa
K-T : koridoni, taa

Usitumie majina ya wapangaji. Lebo "Mama Barafu" ilikuwa na maana mpaka siku alipohama. Chumba hakihami.

Baada ya misimbo, andaa daftari. Kila mstari uwe na mambo matano: msimbo, inakotoka, inakokwenda, rangi za nyaya zilizomo, na tarehe ya kuwekwa lebo. Mfano wa mistari miwili:

C3-T | mita ndogo ya 3, swichi ya 1 | taa ya chumba 3 | nyekundu, nyeusi, kijani | tarehe
C3-S | mita ndogo ya 3, swichi ya 2 | soketi ya chumba 3 | kahawia, bluu, kijani-njano | tarehe

Ona jinsi daftari linavyoonyesha kwamba chumba hiki kina mifumo miwili ya rangi. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kasha la umeme na nyingine akae nayo mwenye nyumba. Kebo ikihamishwa, daftari lisahihishwe siku hiyo hiyo. Daftari la zamani ni hatari kuliko kutokuwa na daftari, kwa sababu watu huliamini.

7.7 HATUA ZA KUTAMBUA NA KUWEKA LEBO

A. Kabla ya kufungua (njia bora)
Kama kebo bado zimefungwa mahali pake na zinafanya kazi sawasawa, weka lebo kwanza, fungua baadaye. Piga pia picha ya simu. Kosa la fundi wa chumba namba 3 lilikuwa kugeuza mpangilio huu.

B. Kama kebo zimeshafunguliwa na hazina lebo
1. Zima umeme kwenye swichi kuu na weka kizuizi au mtu wa kulinda ili mwingine asiwashe.
2. Hakikisha kipimo chako ni kizima kwa kukijaribu mahali penye umeme unaojulikana.
3. Pima kebo zote kuthibitisha kwamba hazina umeme.
4. Kijaribu tena kipimo mahali pale pale pa mwanzo. Kama kimekufa katikati ya kazi, hatua ya 3 haina maana.
5. Tenganisha vifaa vyote vilivyofungwa upande wa vyumbani.
6. Msaidizi akiwa chumbani aunganishe pamoja nyaya mbili za kebo moja.
7. Kwenye ubao, pima kila kebo kwa maltimita iliyowekwa kwenye alama ya mlio. Kebo itakayolia ndiyo ya chumba hicho.
8. Iwekee lebo ncha zote mbili palepale, kabla ya kwenda kebo nyingine.
9. Rudia hadi mwisho, kisha andika daftari.
10. Baada ya fundi kufunga na kuwasha, jaribu kila swichi ukilinganisha na lebo.

Njia ya mtaani ya kupiga kelele "Zima! Washa! Umeona?" haitoshi. Kelele za barabarani humeza sauti, na "bado" ikisikika "tayari" mtu anaumia. Tena si kila fundi anasikia. Buguruni penyewe pana Shule ya Msingi Buguruni Viziwi, na wapo viziwi wanaofanya kazi za ufundi. Lebo iliyoandikwa vizuri humhudumia asiyesikia sawasawa na anayesikia.

7.8 NYAYA ZA MAWASILIANO

Nyaya za mawasiliano ni nyembamba kuliko za umeme, na ni nyingi zaidi. Mambo mawili huulizwa mara kwa mara.

Kebo ya mtandao wa kompyuta ina nyaya nane, yaani jozi nne. Mpangilio wa T568B, kuanzia pini ya 1 hadi ya 8, ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hapa rangi hutambulisha nyaya zilizo ndani ya kebo, lakini kebo kumi za chumba cha kompyuta kwa nje zote ni za kijivu. Kwa hiyo kila moja inahitaji lebo kwenye kompyuta na kwenye swichi ya mtandao. Kiwango cha Marekani cha utawala wa kebo za mawasiliano, ANSI/TIA-606, nacho kinataka kila kebo iwe na kitambulisho chake, na lebo kwenye ncha zote mbili.

Kebo ya simu ya jozi 25 hutambulisha jozi zote kwa rangi kumi tu. Kundi la kwanza ni nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano na zambarau. Kundi la pili ni bluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu. Kila rangi ya kundi la kwanza huambatana na kila rangi ya kundi la pili, hivyo 5 × 5 = 25. Jozi ya 1 ni nyeupe na bluu, ya 2 nyeupe na chungwa, ya 6 nyekundu na bluu, na ya 25 zambarau na kijivu. Huu ni mfano mzuri wa msimbo: alama chache, mpangilio mmoja, hakuna kurudia.

7.9 MAKOSA YANAYOPOTEZA ALAMA KATIKA MTIHANI

- Kuandika "weka lebo" bila kutaja ncha zote mbili.
- Kueleza rangi za mfumo mmoja bila kusema ni mfumo upi, wa zamani au mpya.
- Kuruka hatua ya kuthibitisha kwamba umeme umezimwa. Hapa mtahini hupunguza alama bila huruma, na ni haki.
- Kukokotoa lebo ya bendera kwa kuzidisha b mara moja badala ya mbili.
- Kuchanganya "waya" na "kebo" katika hesabu ya idadi ya lebo.

7.10 SWALI LA MFANO NA JIBU LAKE

Swali: Nyumba ya Buguruni ina vyumba sita. Kila chumba kina kebo mbili zinazotoka kwenye kasha la umeme, moja ya taa na nyingine ya soketi. Kila kebo ni ya mviringo na ina kipenyo cha mm 7.
(a) Zinahitajika lebo ngapi?
(b) Kama kila bendera ni mm 25, itatumika tepu ya urefu gani kwa lebo zote? (Tumia π = 22/7.)
(c) Kama kebo hazina lebo, fundi atapima mara ngapi kwa wingi ili azitambue zote kwa njia ya mlio?
(d) Kwa kutumia majibu ya (a) na (c), eleza faida ya lebo ikiwa kila kipimo huchukua dakika 1 na kila lebo nusu dakika.

Jibu:
(a) Idadi ya kebo = 6 × 2 = 12. Kila kebo ina ncha mbili, hivyo lebo = 12 × 2 = 24.

(b) U = πd + 2b = (22/7 × 7) + (2 × 25) = 22 + 50 = mm 72.
Lebo 24 = 24 × 72 = mm 1,728, yaani karibu mita 1.73.

(c) Kebo ya kwanza itahitaji vipimo visivyozidi 11, kwa kuwa zikikataa 11, ya kumi na mbili ndiyo yenyewe. Kebo ya pili haizidi 10, ya tatu 9, na kuendelea hadi 1.
Jumla = 11 + 10 + 9 + ... + 1 = (12 × 11) ÷ 2 = 66.

(d) Bila lebo: vipimo 66 × dakika 1 = dakika 66, yaani saa 1 na dakika 6, na muda huo hurudi kila ubao unapofunguliwa. Kwa lebo: 24 × ½ = dakika 12, mara moja tu. Zaidi ya muda, lebo hulinda maisha ya fundi na haki ya mpangaji.

Zingatia: katika (d), mwanafunzi akiishia kwenye muda pekee hapati alama zote. Swali limesema "eleza faida".

7.11 ZOEZI

1. Taja sababu nne zinazofanya rangi pekee isitoshe kutambulisha kebo.
2. Katika ubao wa fezi tatu uliochanganya mfumo wa zamani na mpya, ni rangi zipi mbili zinazoweza kumuua fundi asiyejua historia yake? Eleza.
3. Kokotoa urefu wa tepu ya lebo ya bendera kwa kebo yenye kipenyo cha mm 5 na bendera ya mm 25. (π = 3.14)
4. Chumba cha kompyuta kina kebo 10 za mtandao zisizo na lebo. Vipimo visivyozidi vingapi vitahitajika kuzitambua zote?
5. Katika kebo ya simu ya jozi 25, jozi ya 8 ina rangi zipi?
6. Mwenye nyumba ameandika lebo zake hivi: "Mwalimu", "Barafu", "Kijana wa bodaboda", "Mpya". Toa kasoro mbili za lebo hizo na utunge misimbo bora minne.
7. Kazi ya vitendo: Chukua chaja, nyaya za spika au kebo za mtandao zisizopungua sita ambazo hazijaunganishwa popote. Zitungie misimbo, ziwekee lebo za aina mbili tofauti, na andaa daftari. Mpe mwenzako daftari na kebo bila maelezo yoyote. Akishindwa kutambua hata moja, lebo yako ndiyo yenye kosa, si yeye.

MAJIBU MAFUPI

1. Tazama sehemu ya 7.3.
2. Nyeusi (nyutro katika mfumo wa zamani, fezi katika mpya) na bluu (fezi katika mfumo wa zamani, nyutro katika mpya). Fundi anaweza kushika fezi akidhani ni nyutro.
3. U = 15.7 + 50 = mm 65.7. Kata mm 66.
4. (10 × 9) ÷ 2 = 45.
5. Jozi ya 6 ni nyekundu na bluu, ya 7 nyekundu na chungwa, hivyo ya 8 ni nyekundu na kijani.
6. Kasoro: zinategemea watu ambao huhama; hazielezi chumba wala kazi ya kebo; "Mpya" haitabaki mpya. (Zozote mbili.) Misimbo: C1-T, C1-S, C2-T, C2-S, au mingine inayofuata mantiki hiyo.
7. Mwalimu atasahihisha.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Weka lebo kabla ya kufungua. Weka lebo ncha zote mbili. Rangi husaidia, lebo hutambulisha. Taja mahali, usitaje mtu. Na lebo hata ikiwa nzuri kiasi gani, haichukui nafasi ya kipimo: soma lebo, kisha pima, ndipo uguse.